Nani Aliyewatuma?

Leo tutazungumza juu ya vyama vinavyotetea watu wa nchi nyingi. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno UTETEZI. Tulisome pamoja: u-te-te-zi.

Mwaka 1961 wakili mmoja wa Uingereza, Peter Benenson, aliandika makala katika gazeti la Observer la London. Aliwatetea watu waliofungwa kwa ajili ya maoni yao tu. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa chama cha Amnesty International. Silaha yake ilikuwa barua. Watu wa kawaida waliwaandikia wakuu wa nchi za mbali, wakiomba mfungwa fulani aachiliwe. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alipotiwa kizuizini Kenya mwishoni mwa mwaka 1977, bila kushtakiwa, chama hiki kilimtetea. Alifunguliwa Desemba 1978.

Labda mtauliza: Nani aliyewatuma watu hawa? Sisi hatukuwapigia kura. Swali hilo ni la haki. Chama kama hiki hakina askari, hakina mahakama, wala hakitozi kodi. Nguvu yake ni kusadikiwa tu. Siku watu wakiacha kukisadiki, barua zake ni karatasi tupu.

Sikilizeni mfano. Desemba 1990, majeshi ya Iraki yalipokuwa yameiteka Kuwait, chama hicho kilitangaza kwamba askari waliwatoa watoto wachanga katika mashine za kuwatia joto hospitalini, na zaidi ya 300 wakafa. Waliotaka vita waliitumia habari hiyo. Vita vilianza Januari 1991. Vilipokwisha, chama kilichunguza tena, hakikupata ushahidi wa kuaminika, kikasema hivyo hadharani. Kukiri ni vyema. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msimkatae kila mtetezi, wala msimwamini kila mtetezi. Mwulizeni mambo matatu:

1. Fedha zako zatoka kwa nani? (Amnesty haipokei fedha za serikali kwa kazi yake ya uchunguzi.)
2. Umewasikiliza wenye shida wenyewe?
3. Ukikosea, hukiri?

Maswali ya kujadiliana darasani:

Nguvu ya chama cha utetezi yatoka wapi?
Je, mtu ambaye hukumtuma aweza kukutetea? Kwa nini?

Someni tena habari hii nyumbani. Kwaherini mpaka somo lijalo.