Ziara ya Siku Moja Pwani: Twende Kutafuta Nini?

Mazungumzo kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Garissa



Kila tukigawana faida, swali ni lile lile: twende pwani tukatembee, ama pesa hizo zinunue mbuzi? Wanaosema mbuzi wana haki. Mbuzi huzaa, basi la kukodi halizai. Lakini sisi twaona ziara nayo yaweza kuzaa, mradi tujue tunakwenda kutafuta nini.

Kwanza tupange siku. Kutoka hapa kupitia Hola na Garsen hadi Malindi, hiyo ni siku ya njia. Tusisafiri usiku. Tulale Malindi, kesho yake ndiyo iwe ya ziara, asubuhi mpaka jioni.

Pili, tuwe na mwongozaji. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, alipewa baharia wa kumwonyesha njia ya kwenda India. Kama yeye alihitaji mtu, sisi je? Tumlipe kijana wa huko huko. Yeye anajua maji yanakupwa saa ngapi na mzee gani wa kuulizwa.

Tatu, kila tukishuka kwenye basi tuulize: kiingilio hiki kinakwenda wapi?

Pale Gede kuna magofu ya mji wa mawe, misikiti na visima vyake, ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2024. Karibu na magofu kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Sisi twafuga ngamia na mbuzi. Wakulima wa pale wanafuga vipepeo! Kiwavi akishajifunga, kabla hajatoka na mabawa, huuzwa ng'ambo. Na kwa kuwa viwavi hula majani ya miti ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mkulima ana sababu ya kuulinda msitu.

Tukifika Mida, kuna daraja la mbao na kamba katikati ya mikoko. Hapo A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la kutunza mazingira, hupeleka pesa za wageni kwenye mfuko wa karo za sekondari kwa watoto wa vijiji vya karibu. Yaani mgeni anatembea juu ya mikoko, mtoto anakaa darasani.

Sasa turudi kwetu. Bour-Algi kuna twiga, karibu kabisa na mji. Ishaqbini, kule Ijara, wenyeji wanamlinda hirola, swala ambaye makao yake ya asili ni huku kwetu na Somalia tu. Mali tunayo. Tunachohitaji kujifunza ni hesabu yake: nani anakusanya, nani anaandika, nani anafaidika.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa basi, mapatano na mwenye gari yaandikwe: bei, mafuta, chakula cha dereva. Tukubaliane pia juu ya saa za sala na chakula halali, maana vikundi vyetu vina Waislamu na Wakristo. Na kila kikundi kimtume mtu atakayeandika majibu, si mwenyekiti tu.

Kama hatuna maswali ya kuuliza, basi tununue mbuzi. Mkutano ujao kila kikundi kije na maswali matatu, ndipo tuhesabu viti.