Kuzima Kirusi cha Homa ya Ini B kwa RNA: Mada kwa Wahudumu wa Afya wa Karatu na Ngorongoro

Wengi wanaogundulika na homa ya ini B hawakwenda hospitali kwa sababu ya ini. Walikwenda kuchangia damu, au kliniki ya wajawazito. Tone la damu linadondoshwa kwenye kipimo, dakika kumi na tano zinapita, mistari miwili inatokea. Mwenye damu hiyo anajiona mzima. Kesho yake anarudi kwenye vitunguu vyake Mang'ola au kwenye ng'ombe wake Endulen. Kabla hajaondoka anauliza kama kuna dawa ya kukiondoa kirusi kabisa.

Kwa walio wengi, leo haipo. Kuna tenofovir, dawa ileile iliyomo katika vidonge vya kufubaza VVU. Inazuia kirusi kuzaliana na kupunguza hatari ya ini kusinyaa au kupata saratani, lakini mgonjwa huimeza kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yote. Kisa ni kwamba kirusi huacha pete ndogo ya DNA ndani ya kiini cha seli ya ini, na tenofovir haiigusi. Pete hiyo hutoa RNA mjumbe, na kwa maelekezo ya RNA hiyo seli hutengeneza protini za kirusi. Protini ya ganda, ileile inayosomwa na kipimo, humwagika kwenye damu kwa wingi mno hata kinga ya mwili ikaizoea na kuacha kupambana.

Lakini RNA hiyo mjumbe inaweza kuzimwa. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello wa Marekani walionyesha, kwa kutumia minyoo midogo, kwamba RNA ya nyuzi mbili huzima jeni inayolingana nayo. Mwaka 2006 walipewa Tuzo ya Nobel. Ndani ya seli, protini iitwayo Agonauti hushika uzi mmoja mfupi wa herufi kama 21, huutumia kutafuta RNA mjumbe inayooana nao, kisha huikata. Kirusi cha homa ya ini B ni shabaha nzuri ajabu. Urithi wake una herufi zipatazo 3,200 tu, na RNA zake zinapishana na kuishia mahali pamoja, kiasi kwamba uzi mmoja uliochaguliwa vizuri unaweza kuzikata zote.

Afrika haikukaa pembeni. Katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, Patrick Arbuthnot na wenzake wamefanya utafiti wa njia hii dhidi ya homa ya ini B kwa miaka mingi.

Kazi ngumu ilikuwa kuifikisha RNA kwenye ini kabla haijavunjwavunjwa au kuchujwa na figo. Dawa ya ARC-520 ya kampuni ya Arrowhead ilisimamishwa mwaka 2016 baada ya nyani wa majaribio kufa kwa dozi kubwa. Lawama iliangukia kibebeo chake, si RNA yenyewe. Hata hivyo dawa hiyo iliacha somo kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi protini ya ganda haitoki kwenye pete peke yake: vipande vya DNA ya kirusi vimekwisha kujipachika katika DNA ya mgonjwa, navyo vinaitengeneza bila kuwa na sehemu iliyolengwa na dawa. Watengenezaji wakachagua shabaha nyingine, wakaifunga RNA kwenye sukari iitwayo GalNAc, ambayo seli za ini huidaka na kuimeza. Sindano chini ya ngozi inatosha.

Kwa mkulima wa Mang'ola picha yake ni hii: dawa inaziba mfereji, chemchemi inabaki. Inatarajiwa kwamba mfereji ukikauka kwa miezi kadhaa, kinga itazinduka na kuishughulikia chemchemi yenyewe.

Je, inazinduka? Jaribio la xalnesiran, mojawapo ya dawa hizi za RNA, lililochapishwa Desemba 2024 linatoa jibu la wastani. Wiki 24 baada ya matibabu, protini ya ganda ilikuwa imetoweka kwa asilimia 23 ya waliopewa xalnesiran pamoja na interferoni, ambayo huchochea kinga, na kwa asilimia 7 au pungufu ya waliopata xalnesiran bila kichocheo cha kinga. Waliofanikiwa ni wale walioanza na kiwango kidogo cha protini hiyo, chini ya yuniti 1,000 kwa mililita. Basi kipimo cha ndiyo au hapana hakitatosha kumchagua mgonjwa. Kiwango lazima kipimwe. Tena Afrika Mashariki inatawaliwa na aina A1 ya kirusi, ilhali sifa ya aina A kuitikia interferoni vizuri imejengwa zaidi kwa wagonjwa wa A2 wa Ulaya. Wagonjwa wa ukanda huu wanastahili kuwemo katika majaribio yajayo, nao hawawezi kuwemo wasipojulikana.

Na wengi hawajulikani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na homa ya ini B, na katika kanda yake ya Afrika ni asilimia 4.2 tu waliokuwa wamegunduliwa. Tanzania ilianza kuwachanja watoto mwaka 2002, kwa hiyo wazazi wengi wa leo Karatu hawakuchanjwa. Dozi ya chanjo ya wiki ya sita humkuta mtoto wa mama mwenye kirusi akiwa huenda ameshaambukizwa. Shirika hilo linataka dozi ya kwanza ndani ya saa 24. Na kwa wasiojua hali yao kuna hatari nyingine: mahindi yenye sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, huongeza hatari ya saratani kwa ini lenye kirusi.

Kwa hiyo maandalizi ya dawa ya RNA yaanzie kwenye daftari la zahanati. Aliyekutwa na mistari miwili aandikwe jina, kijiji, boma na simu ya ndugu asiyehama na mifugo. Familia yake ipimwe, wasio na kirusi wachanjwe, anayestahili tenofovir aanze sasa. Sampuli yake ipelekwe kupimwa kiwango pale inapowezekana, na jibu limfikie popote alipo, Rhotia au Endulen.