Vyombo vya Jirani

Somo letu limo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa nne, aya ya kwanza hata ya saba.

Juma lililopita vijana sita wa chuo kikuu, walio likizoni, walikutana katika jumba la kanisa letu hapa Busia. Wanajitayarisha kwenda nchi ya kigeni kufundisha biashara. Mtu akisikia hivyo hudhani ndege. Kwetu ni mwendo wa baiskeli tu, na ndiyo maana jina la bodaboda lilizaliwa mpakani hapa. Watakaa majuma matatu upande wa Uganda pamoja na akina mama wa sokoni. Hawalipwi kitu.

Masomo yao wameyaandika vizuri: mtaji, faida, hasara, daftari la mapato na matumizi. Wamejifunza pia utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwamba mwenye bidhaa zilizotoka katika nchi zetu, zisizozidi thamani ya dola 2,000, aweza kupewa cheti chepesi papo hapo mpakani, asitozwe ushuru wa forodha. Hilo ni jema sana. Wako akina mama wanaopita njia za panya kwa kutojua tu, na huko hupoteza mzigo, na pengine zaidi ya mzigo.

Niliwasifu. Kisha nikauliza, "Na hao akina mama mmewauliza nini?" Wakatazamana.

Sikuwacheka, maana kosa hilo nimelifanya mimi. Nilipotoka chuo cha theolojia nilimkuta mjane mmoja muuza omena, akikopesha karibu nusu ya mzigo wake. Nikamwambia, "Mama, acha kukopesha, utafilisika." Alinitii kwa kuwa mimi ni mchungaji. Baada ya miezi miwili meza yake ilikuwa tupu. Wale waliokuwa wakikopa kwake ndio waliomlaza ng'ambo usiku ulipomkuta huko, ndio waliomtunzia magunia, ndio waliomkopesha yeye mtoto wake alipougua. Nami nilikuwa nimemtenga nao kwa neno moja. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mchungaji, hukuniuliza." Nilimnunulia gunia la omena kwa mshahara wangu, lakini wateja hawakurudi kwa sababu ya gunia.

Sasa mtazame Elisha. Anayemlilia ni mjane wa mmoja wa wana wa manabii. (Sisi wachungaji na tusikie: mtu wa Mungu alikufa akaacha deni, na mdai anakuja kuwachukua watoto wawili.) Nabii hakuanza kwa somo. Alimwuliza anataka afanyiwe nini, tena ana kitu gani nyumbani mwake. Chupa ya mafuta, basi. Ndipo akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, wala si vichache. Mafuta yalipokoma, mafundisho ya biashara yalikuwa mafupi: uza, lipa deni, wewe na wanao mle kwa kilichosalia. Angalia, ndugu yangu, kwamba muujiza ule ulimiminwa ndani ya vyombo vya jirani. Mama yule angekuwa amegombana na majirani zake, mafuta yangekoma mapema.

Vijana wetu wamebadili mpango. Siku tatu za kwanza hawatafundisha. Watakaa kando ya meza za sokoni, wabebe magunia na kuuliza. Mmoja alinung'unika kwamba siku hizo zitapotea. Sikumjibu. Atajibiwa huko sokoni.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyekaa kisimani ukaomba maji kabla ya kufundisha, uwavushe vijana hawa salama Jumatatu hii. Uwakumbuke akina mama watakaovuka alfajiri na mizigo kichwani, na yule mama wa omena, ambaye bado namwomba radhi mbele zako. Amina.