Kijana Aliye Ng'ambo na Sisi Tuliobaki

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Singe, Babati)



Sisi makarani tumezoea kuandika maneno ya wengine. Leo twapenda kusema machache yaliyo yetu, juu ya vijana waendao kusoma katika vyuo vikuu vya ng'ambo.

Kijana akipata nafasi huko, wengi wetu twadhani kazi imekwisha. Mbaazi huuzwa, nauli hulipwa, dua huombwa, na jamaa humsindikiza hata kituo cha basi. Walakini kazi ndiyo kwanza yaanza.

Kwanza ni nchi yenyewe. Katika mji wa Edinburgh, kule Uskoti, mwezi wa Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi za mchana. Kijana aliyezoea jua la Babati na mlima Kwaraa mbele ya macho yake hutoka darasani gizani, akarudi chumbani peke yake, wala hapana wa kumwuliza kama amekula. Watu hupishana njiani pasipo kusalimiana. Si chuki, ni desturi yao. Lakini asiyeijua hudhani amedharauliwa, naye hujifungia ndani.

Pili ni masomo. Wengi wetu tulifundishwa kunakili ubaoni, kukariri na kunyamaza. Huko mwalimu aweza kufundisha watu mamia kwa saa moja, kisha huwaachia vitabu. Akiuliza swali, hataki kurudishiwa maneno yake mwenyewe. Ataka kujua mwanafunzi aonaje, na kwa hoja gani. Tena anayenakili maneno ya kitabu pasipo kumtaja mwandishi huhesabiwa mwizi. Basi aliyekuwa wa kwanza hapa kwetu aweza kupata alama ndogo sana mwanzoni, wala akili hazijampotea.

Mtazameni Mwalimu Julius Nyerere. Alisoma Makerere tangu 1943 hata 1945, akafundisha shule Tabora, ndipo mwaka 1949 akaenda Edinburgh, umri wake miaka 27. Mwaka 1952 alipata shahada ya M.A. Alikwenda akiwa mtu mzima, aliyekwisha kuishi mbali na kwao na kufundisha wengine. Vijana wetu wengi huenda kabla ya kutimiza miaka 21, nasi twataka wasione taabu hata kidogo.

Tatu ni sisi wenyewe, na hapa twaungama kosa. Ndugu yetu mmoja alikwenda kusoma ng'ambo. Kila tulipompelekea habari tulitaja paa la nyumba, ada ya wadogo zake, na deni la msiba. Naye hujibu, "Mimi mzima, msihangaike," akatuma fedha. Tukajisifu mbele ya majirani. Aliporudi likizo tulimwona amekonda, ndipo tulipojua ya kuwa fedha ile ilikuwa ya chakula chake. Alikuwa akila mara moja kwa siku, na usiku akifagia maofisi. Mwaka ule alishindwa masomo mawili. Tulipomwuliza mbona hakusema, alijibu, "Ningesemaje, kaka, nanyi katika barua moja mmetaja mahitaji matatu?" Hatukuwa na jibu.

Basi twaomba mambo matatu. Mwaka wa kwanza kijana asidaiwe hata senti moja. Kabla hajaondoka aambiwe wazi ya kuwa kuuliza si ujinga: vyuo vingi vya huko vina washauri wa wanafunzi, na kuwaendea si aibu, bali ni haki yake. Na sisi, iwe kwa barua au kwa simu, tumpelekee habari za nyumbani: mvua imenyesha, ng'ombe amezaa, bibi amepona. Kisha tumwulize, "Umekula?" na tungoje jibu lake.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Atarudi, nasi tuangalie asirudi amevunjika.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo.