Juu ya Nini Sindano Imeshika Nafasi ya Kinini?

Leo tunajibu ulizo moja ambalo wengi wenu munatuuliza siku ya kupima watoto: «Juu ya nini mutoto akiwa na malaria kali hamumutie tena serumu ya kinini kama zamani?»

Kinini iliponyesha watu wengi. Lakini serumu yake inachukua saa nyingi, na inaweza kushusha sukari katika damu ya mtoto. Kulikuwa dawa ingine ya sindano, jina lake artesunate. Ipi inaokoa watoto zaidi? Mama mmoja wa Katuba atasema: «Wangu alipona na kinini.» Mwingine wa Ruashi atasema: «Wangu kinini haikumusaidia.» Wote wawili wanasema kweli. Lakini Serikali haiwezi kuchagua dawa ya inchi nzima kwa kusikiliza nyumba mbili. Inafaa kuhesabu.

Basi, tangu mwaka 2005 mpaka 2010, waganga walifanya uchunguzi katika inchi 9 za Afrika. Kongo yetu ilikuwa ndani, kule Kinshasa. Wazazi waliulizwa kwanza, wakakubali. Dawa ya kila mtoto ilichaguliwa kwa kura, si kwa mapenzi ya munganga, kusudi pasiwe upendeleo. Watoto 2713 walipata kinini: 297 walikufa. Watoto 2712 walipata artesunate: 230 walikufa. Ni kusema, katika kila watoto 100, wawili ao watatu zaidi walibaki hai.

Kwa sababu ya hesabu hiyo, mwaka 2011 OMS ilishauri inchi zote zitumie artesunate kwa malaria kali ya watoto. Serikali yetu nayo ikabadilisha matibabu. Mwaka 2012 na 2013 dawa hiyo ilipimwa tena katika hospitali na vituo vya afya vya hapa Kongo, ikaonekana kwamba mgonjwa anaanza kutibiwa upesi kuliko na serumu.

Sasa, mama, kazi yako ni hii:

1. Mtoto mwenye homa akipata degedege, akizimia, akishindwa kunyonya ao akitapika kila kitu, umulete mbio, hata usiku.

2. Usikatae sindano kwa kudai serumu. Kinini inabaki kwa siku artesunate inapokosekana.

3. Kisha sindano, mtoto anakunywa vidonge siku 3. Hata akicheza, vimalizike.

4. Tukikuuliza homa ilianza lini na dawa gani ulinunua, sema kweli, usione haya. Majibu yako yanaandikwa katika kitabu cha wagonjwa.

Wale wazazi walikubali watoto wao wahesabiwe, na leo wako anapata faida. Wewe pia usifiche kitu.