Hotuba ya Mwenyekiti: Tusiwaite Vijana Nyumbani Mikono Mitupu

 

Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, kikundi chetu kinapotimiza miaka 10. Tulianza na hisa ya shilingi 1,000 na sanduku moja lenye kufuli tatu. Mahesabu atayasoma Mweka Hazina, mimi sitayarudia. Nimeomba nizungumzie jambo tunalolisema kila tukikutana siku ya marejesho: watoto wetu walioko mjini, warudi au wasirudi?

Jamani, kuondoka siyo jambo geni kwetu watu wa Njombe. Babu zetu walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Leo wajukuu zao wanapanda basi, kama kilomita 700 mpaka Dar es Salaam, mji ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5. Wanaendesha bodaboda, wanauza nguo Kariakoo, wengine wana vyeti na bado wanasubiri ajira. Nasi tunawapigia simu: "Rudi nyumbani, mkataa kwao mtumwa."

Methali ni ya kweli. Lakini nauliza, huyo mtoto akishuka kesho kwenye basi, kulala atalala, je, atalima wapi?

Kuwarudisha kwa nguvu kulishajaribiwa. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi. Watu wasio na kazi walikamatwa mijini, wakapakiwa kwenye magari, wakapelekwa vijijini. Wengi hawakukaa, walirudi mjini. Mtu hakai mahali kwa sababu ameletwa. Anakaa kwa sababu ana chake hapo.

Siku hizi hicho "chake" tunakijua, ni parachichi. Ekari moja, ukipanda kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, inachukua miche kama 80. Mche wa kubebesha huanza kuzaa kama mwaka wa 3, na katikati ya mistari unapanda maharage au viazi, unakula huku unasubiri. Lakini mti siyo mahindi. Mahindi ukiyalima kwenye shamba la kuazima, unavuna, unamrudishia mwenyewe shamba lake. Mti unabaki palepale.

Hapa kijijini tumeona kijana aliyeacha kazi mjini, akapanda miti kwenye shamba alilopewa na baba yake mdogo kwa mdomo tu. Miti ilipoanza kuzaa akaambiwa shamba ni la ukoo. Akafunga begi. Leo wenzake wakiambiwa warudi, wanamtaja yeye.

Na yatima tusiwasahau. Mkoa wetu umekuwa juu katika takwimu za UKIMWI kwa miaka mingi, na watoto wengi wamelelewa na bibi zao. Wapo ambao wakiwa wakubwa wanakuta shamba la baba linalimwa na wengine. Huyo utamwambia arudi wapi?

Kwa hiyo, akina mama, sisemi vijana wote warudi. Anayepata riziki yake mjini Mungu ambariki, na yeye atukumbuke. Nasema anayetaka kurudi akute mahali pa kuanzia. Naomba tukubaliane mambo matatu.

Kwanza, tugawe tukiwa hai. Mtoto aonyeshwe mpaka mbele ya majirani na viongozi wa kitongoji, na iandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutoa hatimiliki ya kimila. Sheria hiyohiyo inasema mwanamke ana haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haina nguvu. Basi binti naye ahesabiwe. Wazee wangu mnisamehe, lakini mnajua wenyewe nani huwauguza.

Pili, mkopo wa miche. Mikopo yetu ni ya miezi mitatu, na parachichi halizai kwa miezi mitatu. Napendekeza mkutano ujao tupige kura: mtoto wa mwanachama mwenye shamba lililoandikwa apewe miche, mama yake awe mdhamini, marejesho yaanze miti inapozaa. Najua wapo wanaoogopa kwamba fedha itakaa nje muda mrefu. Wana haki ya kuogopa, hiyo ni jasho letu. Ndiyo maana nasema tuanze na sehemu ndogo ya mfuko, tuone. Vijana nao waunde kikundi, wafuatilie mikopo ya halmashauri. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ni ya vijana. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024.

Tatu, midomo yetu. Kijana akishuka na begi tunanong'ona kisimani, "Mji umemshinda huyo." Hivi nani atarudi kwenye maneno hayo? Mwana akija, apokewe begi, aulizwe amekula.

Nanyi vijana, msirudi kwa kusikia tu hela za parachichi. Ulizeni kwanza bei ya msimu uliopita, maji yako wapi, mpaka umeandikwa au la. Na mkishapewa shamba msiliuze mkanunue pikipiki.

Wenzangu, miaka 10 iliyopita tulicheka tulipoambiwa shilingi 1,000 itajenga nyumba. Leo baadhi yetu tunalala chini ya bati zilizotoka kwenye sanduku hili. Sasa lifunguliwe kwa ajili ya watoto pia. Kidole kimoja hakivunji chawa.