Nani Anamiliki Picha za Lumumba? Maisha na Kazi za Raoul Peck



Nilipoombwa kuandaa mada kuhusu mtengenezaji wa dokumentari za kisiasa, huenda wengi mlitarajia nimchague mtu wa kwetu. Nimemchagua Mhaiti. Raoul Peck alikulia Kongo, dokumentari iliyomjengea jina inahusu mauaji yaliyofanyika Katanga, na swali ambalo hajaacha kulirudia tangu hapo ni letu pia: picha za historia yetu zimo mikononi mwa nani, na anayezitaka alipe kiasi gani? Mengine ya wasifu wake nitayapitia haraka.

Alizaliwa Port-au-Prince mwaka 1953. Baba yake, mtaalamu wa kilimo, aliwahi kutiwa ndani na utawala wa François Duvalier, mwishowe akaihama nchi. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wabelgiji wengi waliondoka, na serikali changa ikawa inatafuta kwa udi na uvumba walimu, madaktari na mabwana shamba wanaojua Kifaransa. Wahaiti wasomi waliitikia kwa wingi. Mwaka 1961 familia ilimfuata baba Léopoldville, Kinshasa ya leo, Raoul akiwa na umri wa miaka 8. Mama yake alipata kazi ya ukatibu kwenye ofisi ya meya wa jiji, mahali ambapo minong'ono ya wakubwa haikosi kupita. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, alikuwa ameuawa tarehe 17 Januari mwaka huohuo. Mtoto huyu alifika penye msiba ambao haukuwa umewekewa matanga.

Baadaye alisoma Marekani na Ufaransa, kisha Berlin, ambako masomo yake yalikuwa uchumi na uhandisi wa viwanda. Aliendesha teksi New York kwa muda. Chuo cha filamu cha Berlin alikimaliza mwaka 1988, akiwa na miaka 35. Nawaomba vijana mlioko hapa msiupuuze mpangilio huo: alijifunza kusoma hesabu za fedha kabla ya kujifunza kushika kamera, na hilo linaonekana katika kila filamu yake.

Filamu isiyo na picha

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikamilisha dokumentari aliyoiita kifo cha nabii, ikimhusu Lumumba. Alikusudia kwenda kupiga picha Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Akapata habari kwamba wana usalama wa Rais Mobutu walikuwa wameanza kuulizia safari yake, akaahirisha. Mtu mwingine angeivunja kazi, au angewajaza wataalamu waketi mbele ya rafu za vitabu wazungumze. Peck alipeleka kamera Brussels. Ametuonyesha mji wenye baridi, watu wanaopita na shughuli zao, wazee wa Kibelgiji wanaokumbuka mambo kwa adabu kubwa. Juu ya picha hizo yumo yeye mwenyewe akisimulia aliyoyasikia kwa mama yake. Amechanganya humo filamu ndogo za nyumbani, zile za familia ikijipiga picha kwa furaha jijini Léopoldville.

Kuna sehemu moja ningependa kila mwanafunzi wa filamu aione. Peck anatuambia kuwa kampuni ya Uingereza yenye picha za habari za wakati ule ilimtaka dola 3,000 kwa dakika moja. Papo hapo anatutajia kipato cha Mkongo wa kawaida kwa mwaka, ambacho hakikufikia hata sehemu ya kumi ya bei hiyo. Picha zenyewe ni za Lumumba akiwa amefungwa kamba mikono nyuma, amekamatwa na askari wa Mobutu. Mkongo aliyetaka kuona kiongozi wake anavyodhalilishwa angeuziwa dakika hiyo kwa fedha ambazo asingezipata kwa miaka mingi ya jasho. Peck hakulalamika nje ya filamu, wala hakuficha ankara. Aliiingiza ankara ndani ya filamu, ikawa ushahidi.

Tukumbuke pia wakati. Kitabu cha Mbelgiji Ludo De Witte kilichofichua mkono wa serikali yake katika mauaji hayo kilitoka mwaka 1999. Tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri wajibu wa kimaadili mwaka 2001, na radhi ya serikali ikaombwa mwaka 2002. Filamu ilitangulia yote hayo. Jino la Lumumba, masalia pekee baada ya mwili wake kuyeyushwa kwa tindikali, lilirudishwa Kongo mwaka 2022.

Alipofunguliwa milango

Mwaka 2000 alirudi kwa Lumumba kwa filamu ya kuigiza, na mwaka 2005 akatoa nyingine ya kuigiza kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, aliyoipiga Rwanda kwenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 alikuwa Waziri wa Utamaduni wa Haiti, akajiuzulu mwaka 1997. Uwaziri ule, kwa maoni yangu, ndio ulioifanya dokumentari yake ya mwaka 2013 kuhusu misaada kwa Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010 iwe kali vile. Anajua kikao cha wafadhili kinavyoendeshwa. Anatuonyesha wafadhili wakigombea miradi yenye kupendeza machoni huku kazi ya kuzoa kifusi ikikosa wa kuigharamia.

Filamu iliyompa umaarufu wa dunia ni ile ya 2016 kuhusu mwandishi James Baldwin, iliyoteuliwa kuwania Oscar. Ilimchukua takriban miaka kumi. Safari hii familia ya mwandishi ilimfungulia kabati zima, zikiwemo kurasa 30 hivi za kitabu ambacho Baldwin hakukimaliza. Linganisheni na ile bei ya dakika moja. Mtengenezaji ni yuleyule, ila hapa wenye mali walimwamini.

Sisemi kila alichogusa kimenyooka. Mfululizo wake wa mwaka 2021 kuhusu ukoloni na maangamizi unanichosha: sauti yake haipumziki, na maigizo aliyoyachomeka yanapunguza nguvu ya nyaraka. Alirudia utulivu mwaka 2024, katika filamu kuhusu Ernest Cole, mpigapicha wa Afrika Kusini aliyefia uhamishoni. Negativu zake zipatazo 60,000 ziliibuka kutoka benki moja nchini Sweden.

Nasi je? Picha za Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 zinazojulikana zaidi duniani zilipigwa na Waitaliano kutoka angani, zikatiwa katika filamu yenye kejeli kwa Waafrika. Atakayetaka kusimulia upya tukio lile ataanzia kwenye picha za watu hao.

Kwa hiyo napendekeza maazimio ya semina hii yaseme mambo mawili. Kila mkataba tunaosaini na mfadhili wa nje utaje kwa maandishi nani anabaki na picha ghafi. Na kila mshiriki, kabla ya mwaka kwisha, azitafute kanda na picha za familia moja ya mtaani kwake, azinakili, kisha arudishe nakala kwa wenyewe.